Uongo Kumi wa Ufukweni: Orodha ya Mpiga Kafi, Kutoka wa Kuchekesha Hadi wa Kuzamisha

Ukitaka kusikia uongo uliokomaa, amka mapema uende ufukweni wakati kayaki zinaburutwa kutoka bandani na wageni wanatafuta pa kuficha simu zao. Utausikia kwa shemeji aliyewahi kupanda mara moja, kwa kijana wa kukodisha mwenye haraka ya kupokea hela, na zaidi kwa mpandaji mwenyewe akijisemea moyoni.

Kayaki ya baharini ni burudani tamu. Haina mashine, haina makelele, haili mafuta, na inakupitisha katikati ya mikoko ambako boti ya kitalii haithubutu kuingiza pua. Ubaya wake ni kwamba imezungukwa na maneno mengi kuliko samaki. Basi nimeyachagua kumi na kuyapanga kwa kigezo kimoja tu: madhara. La kumi linaumiza heshima. Kadiri namba inavyopungua, kina cha maji kinaongezeka.

10. "Haya ni mambo ya Wazungu"

Kayaki ni ya Wainuiti na Waunangan, watu wa Aktiki: Greenland, kaskazini mwa Kanada, Alaska na visiwa vya Aleut. Waliokota mbao zilizoletwa na mawimbi, au wakatumia mifupa ya nyangumi, wakafunika fremu kwa ngozi ya sili, wakapata chombo chepesi cha kuwindia. Wazungu waliingia darasani baadaye. Mwingereza Gino Watkins alifundishwa na wenyeji wa Greenland ya mashariki, mwanzoni mwa miaka ya 1930, namna ya kupinduka na kuinuka bila kutoka chomboni. Mshike huyo Watkins kichwani. Tutamkuta tena mbele, na habari zake si nzuri.

Kuna na daktari Mjerumani, Hannes Lindemann. Mwaka 1956 alivuka Atlantiki kwa kayaki ya kukunjwa, akakaa majini siku 72. Lakini mwaka mmoja kabla yake alikuwa ameshaivuka bahari hiyohiyo kwa mtumbwi wa gogo uliochongwa Liberia. Kwa hiyo mtu wa Pwani, ambaye babu yake aliishi kwa mtumbwi na kafi, akikwambia kayaki ni mambo ya watu wa nje, mpe kafi amrudishie babu heshima yake.

*Madhara yake:* aibu kwenye kikao cha ukoo.

9. "Hii ni kazi ya misuli ya mikono"

Msemaji wa huu utamtambua kwa fulana iliyokatwa mikono ili tuone vizuri. Dakika za mwanzo anatangulia wote. Baadaye kidogo anaanza kuulizia kama kuna boti inayopita.

Nguvu ya kafi hutoka kiunoni na miguuni. Unakanyaga kwa mguu wa upande unaopiga, unazungusha kiwiliwili, na mikono inabaki kushikilia tu. Bapa linaingia majini karibu na vidole vya miguu na kutoka likifika usawa wa nyonga. Ukiendelea kulivuta nyuma ya hapo unainua maji tu, na bahari haina upungufu wa maji. Ukipiga hivyo bila kukurupuka, utakwenda kilomita 5 au 6 kwa saa, na utaweza kuendelea hivyo mpaka adhuhuri.

Ushahidi ni Aleksander Doba wa Poland, aliyeivuka Atlantiki kwa kayaki mara tatu. Safari ya tatu aliimalizia Ufaransa Septemba 2017, siku chache kabla ya kutimiza miaka 71. Februari 2021 alikuja Tanzania, akapanda Kilimanjaro mpaka kileleni, na hukohuko juu akafariki akiwa na miaka 74. Mzee wa namna hiyo hakuhitaji fulana iliyokatwa mikono.

Neno moja kwa wanaokodi kayaki ya watu wawili: wa mbele ndiye anayeweka mwendo, wa nyuma anamfuata na kuongoza. Wote wawili wakiongoza, mtazunguka palepale huku ufuko mzima ukisikiliza habari za nyumbani kwenu. Anayependa kutoa maelekezo kaa naye hivi: yeye mbele, wewe nyuma, na upepo uyachukue maneno.

*Madhara yake:* mabega, na ndoa changa.

8. "Kayaki zote ni sawa"

Ukiona vinaelea, vimeundwa. Na hivi havikuundwa kwa kazi moja. Ya kukaa juu ina urefu wa mita 3 hadi 4 na upana wa sentimita 75 hivi, na ina matundu ya kupitishia maji. Ukianguka unapanda tena, unaendelea na stori. Kwa maji yetu ya joto na kwa anayeanza, hiyo inatosha kabisa.

Ya kukaa ndani ndiyo ya masafa: mita 5 hivi kwa sentimita 55 hadi 60. Mbele na nyuma ina vyumba vyenye vifuniko visivyopitisha maji. Humo unaweka hema na chakula, na hivyo vyumba ndivyo vinavyoizuia kuzama sehemu ya kukalia ikijaa maji. Kiunoni unavaa sketi inayobana ukingo wa tundu la kukalia. Ndiyo mjomba, ni sketi. Ivae, hakuna anayekuangalia. Wote wanaangalia mawimbi.

Usukani nao unasingiziwa. Watu hudhani ni wa kupindia kona, kumbe kazi yake kubwa ni kuishika kayaki ikae kwenye mstari upepo unapopiga ubavuni, maana kayaki nyingi ukiziachia hugeuza pua kuelekea upepo unakotoka. Ukiwa na hela ya ziada, iweke kwenye kafi jepesi la sentimita 210 hadi 240, usiimalizie kwenye rangi ya chombo. Kayaki unaikalia, kafi unaliinua mara maelfu kwa siku.

Na kabla ya kumlipa wa kukodisha, angalia kama kizibo cha tundu la kumwagia maji kipo na kimekazwa. Ukisahau, utashangaa mbona kayaki inazidi kuwa nzito wakati wewe ndiye unayechoka.

*Madhara yake:* mfuko.

7. "Kayaki haisafiri"

Ya plastiki ya mita 5, kweli, inahitaji gari, kamba na majirani wavumilivu. Lakini tangu 1907, fundi cherehani wa Rosenheim, Ujerumani, aitwaye Johann Klepper, aliuza kayaki za kukunjwa: fremu ya mbao, ngozi ya kitambaa, zote ndani ya mifuko.

Mjerumani mwingine, Oskar Speck, alitia ya kukunjwa kwenye mto Danube, mjini Ulm, mwaka 1932. Alikuwa anakwenda Kupro kutafuta kazi ya migodini. Njiani mawazo yakabadilika, akapita Bahari ya Kati, Ghuba, India na visiwa vya Indonesia, na Septemba 1939 akatia nanga kisiwa cha Saibai, kaskazini mwa Australia. Vita vilikuwa vimeshaanza. Akakamatwa kama raia wa nchi adui na kufungiwa kambini. Kayaki ilisafiri vizuri kabisa. Tatizo lilikuwa pasipoti.

Siku hizi zipo za kujaza upepo, mzigo wa begi moja. Kwenye mikoko na maji yaliyojificha ni nzuri sana. Kwenye uwazi, kwa kuwa ni nyepesi na imekaa juu ya maji, upepo huichukua utakavyo wenyewe. Kituo cha basi konda akiuliza begi hilo kubwa lina nini, usimwambie boti. Atacheka, kisha nauli itapanda. Mwambie hema. Huo ni uongo wa kumi na moja, nao unaruhusiwa.

*Madhara yake:* unabaki nyumbani ukitazama safari za wenzako.

6. "Jua la asubuhi halina neno"

Baharini majua ni mawili: la juu, na lile linalokurudia kutoka majini. La pili hupita chini ya kofia, likakuchoma kidevuni na puani. Upepo nao unakupoza ngozi, kwa hiyo husikii kitu mpaka jioni, ukiwa kitandani, shuka linapogeuka kuwa msasa.

Kwenye kayaki ya kukaa juu, sehemu inayosahaulika ni mapaja. Yanatazama mbinguni saa tatu mfululizo, mwenyewe umejipaka mafuta usoni tu. Kesho yake utapanda ngazi ukiwa umenyoosha miguu, na kila mtu atajua ulikuwa wapi.

Dada yule aliyekuja na nguo ya mikono mirefu, suruali na mtandio uliofungwa vizuri, ambaye kijana wa fulana alimwonea huruma kwamba atasikia joto, ndiye atakayelala chali usiku. Nguo iwe tu ya kubana kiasi na ya kukauka haraka. Inayoburura majini huwa nzito. Kofia iwe na kamba, miwani iwe na kamba. Maji ya kunywa lita 3 kwa nusu siku, na soda haihesabiwi. Miguuni vaa viatu vya kulowa, kwa sababu mwamba una makali, miiba ya baharini ina subira, na mashujaa wa pekupeku huishia kubebwa.

*Madhara yake:* ngozi, na usingizi wa siku mbili.

5. "Popote penye maji panafaa"

Bahari moja, tabia nyingi. Anza na maji yaliyokumbatiwa na nchi kavu. Mkono wa bahari wa Mida, Watamu, una mikoko na ndege wahamao waliokuja kutoka mbali kula kaa. Kilifi, usiku usio na mwezi, kafi likigusa maji yanawaka kibuluu kwa sababu ya viumbe vidogo vinavyotoa mwanga vikisumbuliwa. Hakuna chumvi wala uchawi, na simu yako haitaweza kuipiga picha, usijisumbue.

Lamu, vuka kwenda Takwa, kisiwani Manda. Njia ya mikoko hupitika maji yakiwa yamejaa. Mji wenyewe uliachwa karne ya 17, na ukizubaa mpaka maji yakapwa utakuwa mkazi wake wa kwanza tangu siku hizo. Mafia, ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa 1995, ghuba ya Chole inakufikisha magofu ya Kua kisiwani Juani. Mwanzoni mwa karne ya 19 Wasakalava wa Madagaska waliushambulia mji huo wakija kwa mitumbwi, kwa hiyo usijione wa kwanza kufika kwa kafi. Wewe ni wa kwanza kuja na kamera. Upande wa pili wa kisiwa cha Mafia chenyewe, kati ya Oktoba na Machi, kuna papa potwe. Mpishe. Yeye ana mita nyingi kuliko kayaki yako na hakukualika.

Unguja, ghuba ya Menai na mikoko ya Uzi. Na ndugu zetu walioko Muscat wasione wivu: Musandam, kwao, milima inaingia baharini na kuacha makhori marefu yenye pomboo. Katikati ya Khor Sham kuna kisiwa kidogo ambako Waingereza waliweka kituo cha telegrafu miaka ya 1860. Joto lake waliozoea Muscat wanalijua. Nendeni wakati wa baridi.

Pasipofaa kwa anayeanza ni mkondo kati ya Pemba na bara, wenye kina cha mamia ya mita na maji yanayokwenda kaskazini yakikubeba bila kukuuliza. Na kokote nje ya mwamba wakati wa upepo wa Kusi. Najua, Riaan Manser wa Afrika Kusini aliizunguka Madagaska yote peke yake kwa kayaki, kilomita kama 5,000, akamaliza mwaka 2009 baada ya miezi 11. Wewe umeomba ruhusa ya siku moja kazini.

*Madhara yake:* unafika usikokusudia.

4. "Ukipinduka, umekwisha"

Huu ni mbaya kwa sababu anayeuamini huogopa, na mwenye hofu huachia chombo. Kupinduka ni sehemu ya mchezo. Wainuiti walilazimika kujifunza kuinuka wakiwa ndani kwa kuwa maji yao ya barafu yangewaua upesi. Mpaka leo Greenland wana mashindano yenye mitindo zaidi ya 30 ya kujipindua na kuinuka. Mwingine unafanywa mpindukaji ameshika jiwe. Sisi wenye maji ya nyuzi 25 hadi 30 tumepewa muda, tuutumie.

Ya kukaa ndani: inama mbele, vuta kitanzi cha sketi, sukuma kiuno nje. Kitanzi kiwe nje daima. Kikiingia ndani ya ukingo, utajifunza kupiga dua chini ya maji. Ya kukaa juu: ipindue irudi sawa, shika katikati, piga miguu mpaka mwili ulale juu ya maji, kisha panda kwa mpangilio huu: tumbo, makalio, miguu. Mtu anayeanza na mguu hupinduka upande wa pili, halafu anailaumu kayaki.

Mkiwa wawili, mwenzako anaipandisha pua ya kayaki yako juu ya yake ili imwage maji, anaigeuza, mnazipanga ubavu kwa ubavu, anaishikilia unapanda. Fanyeni zoezi hili mara nyingi penye maji ya kiunoni, watoto wakiwacheka, ili siku ya kweli pasiwe na cha kuchekwa. Na lolote litokee, usiiache kayaki ukaogelee. Ufuko uko mbali kuliko unavyoonekana, na kichwa chako majini ni kidogo kuliko unavyokithamini.

*Madhara yake:* hofu, na hofu haiwezi kuogelea.

3. "Laifu jaketi ninayo, ipo hapo nyuma"

Hongera. Umeipeleka matembezi. Jaribu siku moja kuivaa ukiwa tayari majini, mawimbi yakikupiga usoni, kayaki ikienda upande mmoja na kafi upande mwingine. Utaelewa kwa nini huvaliwa nchi kavu, ikafungwa vifungo vyote, ikakaza kiasi kwamba mwenzako akivuta mabega haipandi masikioni. "Mimi ni mtoto wa Pwani, najua kuogelea" si kifungo.

Kwenye jaketi funga filimbi. Simu iwe kwenye mfuko wa kuzuia maji, na mfuko uwe mwilini, kwa sababu simu iliyobaki chomboni inakwenda na chombo. Wanaotoka mbali zaidi wabebe redio ya baharini. Chaneli 16 ndiyo ya dharura. Rangi nayo ni kifaa. Kayaki ya buluu hupendeza kwenye picha na hupotea baharini. Chagua njano au rangi ya chungwa. Ukiwa umekaa kwenye kayaki macho yako hayafiki mbali, upeo ni kilomita 3 hivi, na nahodha wa boti iliyoinua pua kwa mashine hakuoni kabisa. Kwenye njia za maboti usidai haki. Kata njia upesi, kwa mstari ulionyooka, na muwe mmekaribiana.

Halafu kuna ndugu wa uongo huu: "Narudi sasa hivi, hakuna haja ya kumwambia mtu." Sasa turudi kwa Watkins. Alikuwa fundi wa kayaki kuliko Wazungu wenzake wote wa wakati wake. Agosti 1932 alitoka peke yake kuwinda sili kwenye ghuba ya Greenland, akiwa na miaka 25. Kayaki ilikutwa inaelea. Yeye hakuonekana tena. Kwa hiyo mwachie mtu wa nchi kavu habari kamili: mnakwenda wapi, wangapi, rangi gani, mtarudi saa ngapi, na saa ngapi yeye aanze kupiga simu. Hiyo saa ya mwisho ndiyo muhimu. Bila hiyo, kila mtu atadhani mmepitia kula.

*Madhara yake:* kutafutwa bila mtafutaji kujua aanzie wapi.

2. "Tutaondoka tukimaliza chai"

Chai haijawahi kuzuia maji kupwa. Kwetu bahari hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, na kila siku hubadili saa yake kwa kuchelewa kama dakika 50. Siku za maji mafu, tofauti ya kujaa na kupwa ni kama mita 1. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, hupita mita 3 na wakati mwingine hukaribia 4. Chai ileile, bahari mbili tofauti.

Tena maji hayashuki sawasawa. Chukua bamvua la mita 3.6, likipwa kwa saa sita. Saa ya kwanza hupungua sentimita 30, ya pili 60, ya tatu 90, ya nne 90, ya tano 60, ya sita 30. Yaani nusu nzima huondoka katika saa mbili za katikati. Wakati huo ndipo mdomo wa mkono wa bahari hukimbia, na upepo ukija kinyume na mkondo mawimbi husimama wima. Mwanzo na mwisho pamepoa, na ndiyo maana mgeni hudanganyika: alitoka maji yamelala, akarudi yamepandwa na mashetani.

Wazee wa Unguja na Mombasa wana kalenda isiyohitaji betri: siku za bamvua maji hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na alasiri, na kukauka kwenye saa nne, asubuhi na usiku. Sasa mpango wa "tunywe chai, tutoke saa tatu" siku ya mwezi mpevu unakupeleka wapi? Kwenye tope, mita mia tano kutoka majini, ukiburuta kayaki ya kilo 25 mbele ya akina mama wanaovuna mwani, ambao watakuangalia kwa heshima mpaka upite, kisha wacheke.

Kanuni ni hii: ingia kwenye mikoko na maji yanayojaa, geuka yakisimama, toka na yanayoanza kupwa. Huko ni kusukumwa kwenda na kusukumwa kurudi, bure. Penye mlango wa mwamba pita maji yakiwa yametulia, na ukiona wimbi linavunjika mara moja mahali, subiri. Litavunjika tena palepale.

*Madhara yake:* siku nzuri, tope. Siku mbaya, kutolewa nje ya mwamba.

1. "Bahari imetulia leo"

Huu ndio bingwa, na umeshinda kwa sababu msemaji haongopi. Ametazama maji mbele yake, yamelala. Kosa ni kwamba ametazama mahali pabaya.

Upepo ukitoka nchi kavu kwenda baharini, minazi, nyumba na vilima hukinga maji ya karibu. Ufukweni hakuna wimbi. Unapiga kafi, unakwenda kwa raha, unajisifu kwa mwendo, hujui kwamba unasukumwa mgongoni. Mita mia chache mbele kinga inaisha. Hapo ndipo unageuka na kukutana na huo upepo uso kwa uso. Ukiwa wa kilomita 28 kwa saa, mgeni anaweza kupiga kwa nguvu zote na mnazi aliouchagua kuulenga usisogee. Upepo wa kutoka baharini, pamoja na mawimbi yake ya kutisha, angalau hukurudisha nyumbani, ingawa bila adabu.

Kwetu mtego huu una anwani. Kusi hutoka kusini mashariki, takriban Aprili hadi Septemba, na Kaskazi hutoka kaskazini mashariki wakati wa joto. Fukwe zinazotazama mashariki, Paje, Diani, Watamu, hupigwa usoni, na kila mtu anaona. Za magharibi mwa Unguja huwa kioo wakati huohuo, na Nungwi siku ya Kusi ni kioo chenye mlango wazi kuelekea mkondo wa Pemba. Alfajiri nako kuna umande, upepo unaotoka bara, ambao wavuvi huutumia kutokea. Wao wana tanga la kurudia. Wewe una mabega.

Basi tazama mbali, si miguuni. Povu jeupe likianza kuonekana hapa na pale, upepo umeshafika kilomita 12 hadi 19 kwa saa, na mgeni anakaribia mpaka wake. Angalia bendera na makuti yanaelekea wapi. Sikiliza utabiri: Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitaja upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya zaidi ya mita 2, hiyo ni siku ya kuosha vifaa. Safari yoyote ianze kwa kwenda upepo unakotoka, ukiwa na nguvu, ili kurudi kuwe kwa kusukumwa. Na muulize mvuvi, lakini uliza vizuri. Ukimuuliza "Leo panafaa?" atakujibu panafaa, maana wewe ni mgeni na yeye ni mtu mwenye adabu. Muulize kama angemruhusu mwanawe atoke na hicho chako, kisha mtazame usoni kabla hajajibu.

Ndiyo maana hatujagusa misuli tangu namba 9. Burudani hii ni ya kusoma saa, mwezi na makuti. Kafi ni la kumalizia tu. Kusema "leo hapana" nako ni ufundi wa kayaki, na ndio wa pekee usiohitaji kulowa.

*Madhara yake:* kawaulize wenye mashua za mashine wanaotumwa jioni kufuata watu. Bei yao haipunguzwi, na hulipwa kabla hujashuka.